Subaru ya dizeli na taa ya njano

Mhudumu wa kituo cha mafuta akiiona ile nembo ya nyota sita, mkono wake unakwenda wenyewe kwenye pampu ya petroli. Simlaumu. Subaru zote alizowahi kuzijaza hapa Dodoma zinakunywa petroli, tena zinakunywa kwelikweli. Kwa hiyo nimejizoeza kushuka haraka nikishazima injini, nasimama kati yake na pampu.

"Dizeli, mdogo wangu."

"Mama, hii si Subaru?"

"Ndiyo. Subaru ya dizeli."

Wengine wanacheka. Kuna mmoja aliinama akanusa mdomo wa tanki kama mtu anayenusa maziwa yaliyolala, ndipo akaamini.

Siku moja nilichelewa kushuka. Mwanangu alikuwa amepiga simu kutoka shuleni, mambo ya daftari na pesa ya safari, na nilipogeuka lita nne za petroli zilikuwa zimeshashuka tumboni. Kilichoniokoa ni kwamba sikuwa nimewasha. Pampu ya dizeli ya injini za siku hizi inalainishwa na dizeli yenyewe. Ukiipelekea petroli inajisaga, na vyuma vyake vinasafiri hadi kwenye nozeli. Tulilisukuma gari pembeni, fundi akaja akanyonya tanki lote. Kesho yake nikaenda kwa yule kijana wa Majengo anayeandika misemo kwenye daladala, akanipakia DIZELI TU kwa rangi nyekundu juu ya kifuniko. Aliniuliza kama aongeze na msemo nyuma, angenifanyia bei. Nikamwambia hayo mawili yanatosha.

Gari lenyewe ni Outback ya 2010, gia za mkono, sita. Nililinunua kwa mhandisi mmoja Mwingereza aliyekuwa anamaliza mkataba wake hapa mjini, na yeye alikuwa amekuja nalo kutoka kwao. Wanaoagiza magari Japani hawalijui, na kuna sababu: injini hii haikuuzwa Japani. Subaru waliitoa mwaka 2008 kwa ajili ya Ulaya, ambako wakati ule kila mtu alitaka dizeli. Ni lita mbili, pistoni nne zimelala ubavu, mbili kushoto mbili kulia, zinarushiana ngumi. Ndiyo maana injini hii inaitwa boksa. Ilikuwa dizeli ya kwanza ya mtindo huo kuwekwa kwenye gari dogo la abiria. Nguvu farasi 150, si nyingi. Utamu wake uko kwenye mvuto: nyutoni-mita 350, na unaupata injini ikiwa kwenye mizunguko 1,800 tu. Maana yake ukiwa gia ya sita, ukikuta kilima, unakanyaga kidogo na gari linapanda bila kelele. Chini ya 1,500, hata hivyo, turbo, ile feni inayoisukumia injini hewa, imelala na gari ni zito kama mtu aliyekula makande mchana. Hilo nitalirudia, kwa sababu lilinigharimu.

Asubuhi ikiwa baridi inagonga kama trekta. Watoto wa jirani yangu hapa Kisasa wanaiita Kubota.

Mume wangu alitaka Harrier. Kaka yangu, ambaye hana gari, alitaka ninunue shangingi. Dodoma inamharibu mtu: ukikaa kwenye mataa ya barabarani unazungukwa na Land Cruiser nyeupe za serikali na za miradi, hadi unaanza kuamini kwamba binadamu hawezi kufika kijijini bila injini ya silinda nane. Ofisini kwetu Mtumba kuna maegesho ambako gari langu, likiwa katikati ya hayo makubwa, linaonekana kama kandambili kwenye mlango wa msikiti Ijumaa.

Lakini mimi nilikuwa na hesabu yangu, na hesabu hiyo ilikuwa magoti ya mama.

Mama anaishi kijijini, upande wa Kondoa, mbele ya mji. Ana miaka sabini na kitu (yeye mwenyewe anasema "nilizaliwa mwaka wa nzige", nasi tumeacha kubishana) na magoti yake yameisha. Kupanda Land Cruiser mkonga kwake ni kazi ya watu wawili na kigoda. Kushuka ni mbaya zaidi. Mwaka fulani tulimleta hospitali Dodoma kwa gari kama hilo la kuazima, akalia njiani. Si kwa ugonjwa, ni kwa aibu ya kubebwa makalio na vijana wa jirani. Kuingia IST anaweza, lakini IST haifiki kwake. Nilitaka gari ambalo kiti chake kiko usawa wa kiti cha sebuleni, na ambalo tumbo lake liko juu vya kutosha kuvuka korongo. Outback ina sentimita ishirini kutoka ardhini, na mama anageuka, anakaa, anaingiza miguu, basi. Siku ya kwanza alijifungia mlango mwenyewe, akaniangalia.

"Sasa unangoja nini?"

Watu wanaotengeneza magari walishaliona hilo zamani. Subaru walichukua Legacy ya mgongo mrefu katikati ya miaka ya 1990, wakainyanyua, wakaiita Outback. Volvo na Audi wakafuata na stesheni wagoni zao zilizonyanyuliwa kabla muongo haujaisha. Wauzaji wa mashangingi waliita magari hayo ya kwendea shambani siku ya sikukuu. Sawa. Mimi shambani ninakwenda siku ya sikukuu.

Sasa barabara. Lami ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilizinduliwa mwaka 2018, na kwa sisi watu wa Kondoa historia imegawanyika kabla na baada ya hapo. Kabla, ulikuwa unafika Kondoa nywele zimebadilika rangi kwa vumbi, na masika basi lingeweza kulala njiani. Sasa ni kama kilomita 160, saa mbili na nusu ukiheshimu vibao vya 50 vijijini (na uviheshimu, maana trafiki wa njia hii hawana haraka ya kwenda popote). Gari langu kwenye lami hiyo linanipa kilomita 14 kwa lita, kwenda na kurudi sijamaliza hata nusu ya tanki.

Baada ya lami kuna kilomita kumi na moja za udongo mwekundu, na katikati yake korongo.

Mtu asiyeijua Kondoa anaweza kudhani korongo ni mtaro. La. Ni mto wa mchanga, upana wa uwanja wa mpira, maji yake yanakuja siku chache kwa mwaka na kuondoka na kila kitu. Ardhi yetu ililika vibaya hadi serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma mwaka 1973, HADO, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika. Ng'ombe wa babu walihamishiwa kwa ndugu wa mbali na hawakurudi. Baba yangu aliipata kazi kwenye mradi huohuo uliomwondolea baba yake ng'ombe: dereva wa Land Rover. Nyumbani hapo kwenye meza ya chakula kulikuwa na pande mbili.

Baba ndiye aliyenifundisha kuendesha, mwanzoni mwa miaka ya 1990, ndani ya korongo, kwa sababu huko hakuna cha kugonga. Alikuwa na masharti machache na hakuyaeleza. Kabla ya kuingia, shuka utembee kwa miguu. Unapozama kisigino, na gari litazama. Chagua gia ukiwa bado ng'ambo hii. Katikati ya mchanga usiguse gia, usiguse breki, usikate usukani ghafla. Na upepo wa tairi upunguzwe. Alikuwa anabonyeza valvu kwa njiti ya kiberiti huku akihesabu kimoyomoyo, mdomo ukitikisika, na mimi nilidhani anasoma dua.

Mimi nina kipimo cha upepo na pampu ndogo ya kuchomeka garini. Nashusha kutoka psi 32 hadi 20. Kisha kuna jambo ambalo Land Rover ya baba haikuwa nalo: kitufe chenye picha ya gari linaloteleza. Lazima nikizime. Kompyuta ikihisi tairi linazunguka bure inakata nguvu ya injini ikidhani inanisaidia, na kwenye mchanga kukatwa nguvu katikati ndiyo kuzama kwenyewe. Nikikizima, naingia na gia ya pili, mizunguko 2,500, na gari linaogelea. Magurudumu yote manne yanasukuma muda wote, nusu mbele nusu nyuma. Hakuna kijiti cha kuvuta wala kufikiria. Mara ya kwanza nilipovuka hivyo nilipiga kelele peke yangu ndani ya gari.

Kinachonisumbua kwenye kilomita hizo kumi na moja hata si korongo. Ni mgongo wa kati unaoachwa na Fuso za mkaa na mahindi. Magurudumu yao yanachimba mifereji miwili, katikati panabaki tuta, na sentimita ishirini zangu zinakwisha. Kinga ya plastiki chini ya injini ilichanika mwezi wa pili. Fundi wa kuchomelea alinitengenezea bamba la chuma, akatoboa tundu la kumwagia oili, na tangu hapo nikikwaruza nasikia sauti ya sufuria, naendelea.

Sasa taa ya njano, maana ndiyo iliyonifanya niandike.

Kwenye bomba la moshi la gari hili kuna kichujio kinachonasa masizi. Ndani ni kama sega la nyuki la udongo wa kuchoma. Kikijaa, injini inajichomea masizi yenyewe: inaongeza dizeli kidogo, joto la kichujio linapanda hadi karibu nyuzi 600, masizi yanageuka majivu kiduchu. Lakini inahitaji mwendo. Dakika kumi na tano hivi za kasi isiyokatika. Na mimi kila siku natoka Kisasa kwenda Mtumba, foleni, tuta, bodaboda, tuta, nafika hata injini haijapata joto vizuri. Jioni hivyohivyo. Kichujio kinajaa, kinaanza kujichoma, mimi nazima gari. Kinaanza tena, nazima tena, mwishowe taa ya njano inawaka kwenye dashibodi. Ile dizeli ya ziada ambayo haikuungua inateleza kwenye kuta za silinda na kushuka kwenye oili. Ndiyo maana kila Jumamosi nachomoa kijiti cha oili na kuangalia jambo ambalo wenye magari wengi hawaliogopi: oili kuongezeka. Ikipungua, unaongeza. Ikipanda juu ya alama, ujue imechanganyika na dizeli na imekuwa nyepesi kama chai, imwage yote.

Si tabia ya gari langu peke yake. Dizeli yoyote ya umri huu yenye kichujio, ukiiweka mjini, itaumwa ugonjwa huo.

Mara ya kwanza taa ilipowaka nilikwenda gereji. Fundi, kijana mwerevu tu, akaliona jambo rahisi.

"Mama, hili dude tunalitoa. Tunaweka bomba tupu, halafu kompyuta tunaidanganya. Hutaiona taa tena maisha yako yote."

Nilifikiria siku mbili. Bei yake ilikuwa nzuri. Lakini ninaishi nyuma ya malori asubuhi na jioni kwenye barabara hii ya Dar, najua moshi wa dizeli ukiingia kwa dirisha unavyokaa kooni. Na kulikuwa na neno moja kwenye kitabu cha gari nililokuwa nimelisoma usiku: taa ikiwaka, endesha barabara kuu kwa mwendo usiopungua 60 hadi izime. Basi Jumamosi nikajaza tanki, nikaelekea kaskazini. Taa ilizima kabla sijafika Chemba. Ningeweza kugeuza hapo. Lakini ukishafika Chemba, Kondoa iko palepale, nikaenda kumsalimia mama, nikamkuta hanitegemei, anapepeta uwele.

Kabla ya gari hili nilikuwa nakwenda nyumbani mara mbili kwa mwaka, tatu kukiwa na msiba. Sasa taa inawaka kila baada ya wiki tatu hivi.

Isije ikaonekana nasifia tu. Mwezi Januari mwaka jana mvua zilikuwa zimenyesha wiki nzima. Nilikuwa natoka nyumbani na magunia mawili ya alizeti na dumu la asali, na mtu akanielekeza njia ya mkato upande wa Goima kwa sababu korongo lilikuwa na maji. Njia ilikuwa nzuri hadi ilipoingia kwenye mbuga, ule udongo mweusi. Baba hakuwahi kunifundisha mbuga. Yeye masika alikuwa anaegesha. Mita thelathini tu. Udongo ulijaa kwenye kashata za tairi hadi yakawa manne laini kama maandazi, na uwezo wote wa Subaru wa kugawa nguvu ukawa ni kugawa utelezi kwa usawa. Gari likakalia tumbo. Nikazima, nikavua viatu.

Baada ya saa nzima akaja mzee mmoja wa Kiburunge na wajukuu na jozi mbili za maksai.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti." Akazunguka gari mara moja, polepole. "Hili nalo ni la kuja huku?"

Ndoano ya kuvutia ya Outback haikai kwenye bampa. Ni chuma cha kufunga kwa kuzungusha, na kinahifadhiwa chini ya sakafu ya buti. Juu ya sakafu hiyo kulikuwa na magunia mawili ya alizeti na asali. Tulishusha kila kitu kwenye matope. Wale wajukuu walicheka hadi wakakaa chini. Maksai walivuta mara moja tu, bila hasira, gari likang'oka kwa mlio kama wa kizibo, na mzee akakataa elfu thelathini yangu, akachukua elfu ishirini na asali nusu dumu. Aliniambia nikitaka kupita pale tena Januari nimletee taarifa, awe karibu.

Na kuna Kolo. Watoto wa dada yangu walikuja likizo, nikawapeleka kuona michoro ya miambani, ile iliyoingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006. Kutoka Kolo barabarani hadi kwenye vilima ni mawe na mwinuko. Hapo ndipo nilipoujua ukomo wa gari: halina 4L, ile gia nzito ya kutambaa. Gia ya kwanza ni ndefu, turbo imelala, kwa hiyo kupanda polepole juu ya mawe unalazimika kukanyaga klachi nusu na kunyanyua mizunguko. Nilifanya hivyo dakika tano. Harufu ikaja, ya ukucha uliounguzwa. Mwongozaji aliyekuwa kiti cha mbele akakohoa kwa adabu.

"Dada, wengi gari huwa wanaiacha hapa."

Tulitembea. Klachi ilipona, lakini si yote. Mwaka uliofuata niliibadilisha pamoja na lile gurudumu zito la injini linaloshikana nayo, na bei yake sitaiandika hapa kwa sababu mume wangu anasoma blogu hii. Spea za bushi, shokapu na taa unazipata, ni zilezile za Outback za petroli. Za injini zinatoka Uingereza na zinachukua wiki tatu ukiwa na bahati. Anayetaka gari la namna hii alijue hilo mapema, awe na akiba, na awe na fundi anayekubali kusoma kabla ya kufungua.

Wiki mbili zilizopita tulikuwa na kazi ya mwisho wa mwaka wa fedha, nikawa nasafiri kwa ajili ya ofisi hadi Iringa kwa gari langu, kupitia Mtera, kwenda na kurudi. Mwendo mzuri, kichujio kikawa safi kabisa. Jumatano jioni simu ikaita. Mama hana mazoea ya kupiga yeye, anasema vocha ni ya watoto.

"Mwanangu, gari zima?"

"Zima, mama. Kwa nini?"

"Naona wiki ya tano hii. Hiyo taa yenu imekufa?"

Kesho Ijumaa nikitoka kazini napitia sokoni: sukari kilo tano, sabuni ya mche, dawa ya magoti. Ubao wa kuwekea jeki umeshaingia kwenye buti, na ile ndoano safari hii nimeiweka mfukoni mwa mlango.